Soseji Ambayo Tajiri Hainunui

Msikilizaji, Marekani ni nchi ambayo karibu kila kitu kina bei yake. Hata hivyo ipo soseji ya kifungua kinywa ambayo mtu anaweza kuitafuta katika maduka yote ya Milwaukee, fedha anazo, akarudi nyumbani mikono mitupu. Ni soseji ya nyama ya ayala wa porini, mnyama wa pembe za matawi anayefanana kwa mbali na kulungu wa kwetu. Anayeitamani ana njia mbili tu: achukue leseni akawinde, au awe na jirani mwindaji asiye mchoyo.

Nyama ya ayala yenyewe haikosekani mahotelini. Lakini ile inayopatikana kwenye orodha ya vyakula kwa kawaida imetoka kwa wafugaji, na sehemu kubwa yake husafirishwa kutoka New Zealand, ambako ayala wekundu hufugwa ndani ya uzio kama ng'ombe. Ile aliyoipata mwindaji msituni ni marufuku kuiuza.

Katazo hilo lina historia. Katika karne ya 19 wawindaji wa biashara waliua ayala kwa wingi wa kutisha na kupakia mizoga kwenye mabehewa ya reli kuelekea Chicago na New York. Ilipofika mwaka 1900, ayala wa mkia mweupe, ambao zamani walitapakaa misitu yote ya mashariki, walikadiriwa kubaki nusu milioni hivi. Mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyobeba jina la mbunge wa Iowa, John Lacey. Tangu hapo, kusafirisha mnyama aliyewindwa kinyume cha sheria kutoka jimbo moja hadi jingine kukawa kosa la taifa zima. Majimbo nayo yakafunga soko la nyamapori. Kisha mwaka 1937 ikaja sheria ya Pittman-Robertson, ambayo hutoza asilimia 11 kwenye bunduki za kuwindia na risasi zake, fedha zikaenda kuhifadhi wanyama na misitu yao.

Dawa ilifanya kazi kupita matarajio. Leo ayala hao wanakadiriwa kufikia milioni 30. Wanakula mahindi ya wakulima na maua ya bustani za watu, na wanagongwa na magari usiku barabarani. Nyama ipo tele na soko halipo, basi imebaki majumbani, na ufundi wake wote umehamia jikoni na kwenye gereji.

Kwetu Afrika Mashariki mambo yamekwenda kwa njia nyingine. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na anayekutwa na nyamapori ana kesi ya kujibu. Tanzania ilitoa kanuni mwaka 2020 za kuruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni, kwa hiyo Mtanzania anaweza kuinunua kihalali bila kuwahi kushika bunduki. Mmarekani yuko upande wa pili kabisa: anawinda, anapika, anagawa bure kwa amtakaye, ila kuuza hata pakiti moja hawezi.

Jimbo la Wisconsin, uliko mji wa Milwaukee, ni mahali pazuri pa kuutazama ufundi huo wa jikoni. Msimu wa bunduki huanza Jumamosi inayotangulia Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, na huchukua siku tisa. Zaidi ya watu laki tano huingia msituni wakiwa wamevaa makoti ya rangi ya chungwa inayong'aa, wasije wakapigana risasi wenyewe kwa wenyewe. Jirani zao wa Michigan hufungua msimu Novemba 15, iangukie siku yoyote ya wiki, na huko zipo shule zinazofunga siku hiyo maana hata zikifunguliwa madawati yatakuwa matupu.

Kambini na kwenye baa, hadithi zote huwa za pembe: zina ncha ngapi, zimetanuka kiasi gani. Pembe hazipikiki. Mwenye jiko ana maswali mengine kabisa. Mnyama alitolewa matumbo saa ngapi? Alipoozwa upesi au alilala kwenye gari ngozi ikiwa mwilini? Majibu ya maswali hayo mawili huamua ladha kuliko kiungo chochote kitakachotiwa baadaye.

Ayala wa kilo 60, akishatolewa matumbo, hutoa kilo 22 hadi 28 za nyama tupu, ikitegemea risasi ilipita wapi na mkono wa mkataji. Sarara mbili za mgongoni hazisagwi. Anayesaga sarara ni kama mtu anayepasua meza ya mpodo apate kuni za chai. Mapaja hutoa steki na nyama ya kuoka. Miundi imejaa kano zinazojisokota kwenye kisu cha mashine, basi hiyo inafaa zaidi mchuzi wa moto mdogo. Kinachobaki ni mabega, shingo, nyama ya katikati ya mbavu na vipande vya ukingoni visivyo na umbo. Hicho ndicho kibaki kinachogeuka soseji.

Sasa mafuta. Hapa ndipo penye kazi.

Nyama ya ayala ni kavu: ikisafishwa vizuri, mafuta yake hayazidi sana asilimia 2 au 3. Soseji ya asubuhi huhitaji asilimia 20 hadi 30, bila hivyo huwa inamomonyoka mdomoni na kukauka kooni. Mtu angedhani jibu jepesi ni kusaga mafuta ya ayala mwenyewe, kwani mnyama wa Novemba, aliyeshiba mahindi na njugu za mwaloni, ana shahamu nene mgongoni. Wanaofanya hivyo hujuta. Mafuta hayo yana asidi ya steariki kwa wingi, huganda chakula kikiwa bado vuguvugu, na huacha utando kwenye kaakaa ambao hata chai ya moto haiuondoi upesi. Tena huchacha haraka, hata ndani ya friza. Ile harufu nzito ambayo watu huisingizia nyama mara nyingi hutoka kwenye mafuta haya, kwenye utando mweupe, na kwenye tezi zilizosahaulika. Wapo wapishi wachache wanaotetea mafuta ya ayala aliyenenepa kwa njugu, na pengine wana hoja kwa steki inayoliwa ikifuka moshi. Kwenye soseji ya kuwekwa akiba hoja hiyo haisimami.

Kwa hiyo kisu hutangulia mashine. Mafuta yote ya ayala hukatwa na kutupwa, pamoja na utando na kano, kazi ya kuchosha inayochukua muda mrefu kuliko hatua nyingine zote. Kisha huletwa mafuta ya nguruwe, hasa yale meupe na magumu ya mgongoni. Kilo tatu za ayala kwa kilo moja ya mafuta hayo ni kipimo ambacho hakijamwangusha mtu. Asiyepata mafuta matupu huchukua bega la nguruwe lenye mafuta yake, nusu kwa nusu. Soseji inatoka laini na tamu, ila ladha ya msitu inafifia, na mwindaji mwenye wivu na nyama yake atalalamika kwamba anakula kitimoto. Wengine hutia bekoni. Hao wakumbuke kupunguza chumvi, kwani bekoni huja na ya kwake.

Msikilizaji wa Lamu, Unguja au Muscat ameshauliza moyoni. Nguruwe si lazima. Mafuta ya ng'ombe, hasa ya kidari, yanafanya kazi hiyo, na ya kondoo pia, ingawa ya kondoo hayajui kunyamaza. Tofauti ni kwamba mafuta ya ng'ombe huganda mapema sahani ikipoa, basi soseji ya namna hiyo iliwe ya moto. Habari ya kutaja jina la Mungu kabla ya kufyatua risasi, na ya kumwahi mnyama kwa kisu, tuwaachie masheikh.

Harufu inayoitambulisha soseji ya asubuhi ya Kimarekani ni ya seji, jani la kijivu lenye vinyweleo laini, jamaa ya mnanaa. Waingereza walikuwa nalo kabla. Soseji za Lincolnshire hutiwa jani hilo hadi leo. Wakulima wa Marekani walichinja nguruwe baridi ilipoanza, wakasaga vipande vilivyobaki kwa seji, chumvi na pilipili manga, wakavihifadhi mitungini chini ya tabaka la mafuta yaliyoganda. Mmoja wao, Milo Jones wa Fort Atkinson, hukohuko Wisconsin, alianza mwaka 1889 kuuza soseji za mapishi ya familia yake, na kampuni hiyo ingali ipo. Miaka 80 baadaye, 1969, mwimbaji wa nyimbo za kantri Jimmy Dean alianzisha ya kwake kule Texas, na siku hizi wengi wanalifahamu jina lake kutoka kwenye majokofu ya maduka wala hawajapata kusikia wimbo wake hata mmoja. Mwindaji anayesaga ayala gerejini anatafuta ladha hiyohiyo aliyokulia.

Vipimo vyake havina siri. Kwa kila kilo ya mchanganyiko, mafuta yakiwemo: chumvi gramu 16 hadi 18, pilipili manga gramu 4, seji kavu gramu 3, thaimu gramu 1, pilipili kavu iliyopondwa gramu 1, na kungumanga nusu gramu, kiungo ambacho mpishi wa Unguja hahitaji kufundishwa. Wapenda utamu huongeza gramu 10 za sukari ya kahawia, au sharubati ya mepo, ile inayochemshwa kutokana na utomvu wa miti ya kaskazini. Mizani ni bora kuliko kijiko, maana kijiko cha seji iliyosagwa kina uzito tofauti na kijiko cha seji iliyovunjwavunjwa kwa vidole, na seji ikizidi soseji inakuwa chungu. Chumvi ndiyo isiyotaka kubahatisha kabisa, kwa kuwa ina kazi zaidi ya ladha.

Kazi hiyo ni kushikanisha. Nyama ina protini iitwayo miosini, ambayo chumvi huitoa ndani ya nyuzi na kuifanya inate. Ndiyo maana mafundi hukata nyama vipande vya sentimita mbili au tatu, wakaichanganya na chumvi na viungo, wakaiacha kwenye friji usiku kucha kabla ya kusaga. Asubuhi yake vipande huingia friza kwa nusu saa au zaidi, mpaka kingo zikakamae, na kisu cha mashine, sahani yake yenye matundu na bakuli navyo huingia humohumo. Nyama isipande juu ya nyuzi 4 za Selsiasi. Mafuta yakipata joto hayakatiki, hupakazika. Hufunika nyama na kuizuia isishikane, na kwenye kikaango soseji humwaga mafuta yote na kubaki makombo makavu. Baadhi ya mashine za umeme za nyumbani hupata moto haraka, ndiyo maana zile za chuma za kuzungusha kwa mkono, zinazobanwa ukingoni mwa meza, hazijatupwa na mtu. Matundu ya milimita 6 yanatosha, mara moja tu.

Baada ya kusaga ni kukanda, kwa mikono inayouma kwa baridi, pamoja na maji ya barafu kidogo. Dakika mbili hivi. Ishara ni rahisi: bonge dogo likibandikwa kiganjani, kiganja kikageuzwa chini, lisianguke. Hapo anayejua kazi hukaanga kipande kimoja na kukionja kabla ya kufunga chochote, kwa sababu chumvi iliyopungua huongezeka na iliyozidi haitoki.

Wengi hawajisumbui na utumbo. Utumbo mwembamba wa kondoo unauzwa, na soseji zake ndefu zinapendeza machoni, lakini asubuhi ya kazi nyama hufinyangwa tu kuwa vipande bapa vya mviringo, unene wa sentimita moja na kitu, na kutiwa kwenye kikaango cha chuma kizito, moto wa wastani. Mkenya aliyezoea soseji nyembamba za kiwandani pamoja na chai ya maziwa atashangazwa na rangi: hii ni ya kahawia iliyokolea, na ina kitu cha kutafuna. Iive hadi kipimajoto kisome nyuzi 71 katikati. Steki ya ayala inaweza kuliwa ikiwa nyekundu ndani, kwa kuwa vijidudu hukaa juu ambako moto huvikuta. Kusaga huvichukua vya juu na kuvisambaza kote. Mwaka 1995 huko Oregon, nyama kavu ya ayala iliyotengenezwa nyumbani iliwafanya watu kadhaa waugue kwa bakteria wa E. coli wa aina ya O157, ile inayotisha hospitali.

Yapo mambo mengine mawili ambayo babu wa mwindaji hakuyajua. La kwanza ni madini ya risasi. Sheria haizuii kutoa sadaka, na tangu miaka ya 1990 mashirika kama Farmers and Hunters Feeding the Hungry, lililoanza mwaka 1997 huko Maryland, yamekuwa yakipeleka nyama ya ayala kwa wenye njaa, nyingi ikiwa ya kusaga. Mwaka 2008 daktari wa North Dakota, William Cornatzer, alipitisha pakiti za sadaka hiyo kwenye mashine ya skani na kukuta chembe za madini kwenye pakiti nyingi. Jimbo likaziagiza ghala za chakula ziitupe nyama hiyo. Risasi ya madini hayo ikigonga mbavu husambaratika, chembe zikaenda mbali na tundu linaloonekana, na vipande vya karibu na jeraha ndivyo hasa vinavyoishia kwenye mashine ya kusaga. Wawindaji wenye kusikia huikata na kuitupa nyama yote inayozunguka jeraha, kwa upana wa kutosha, au huhamia risasi za shaba. Wabishi nao wapo, na hoja yao kwamba wamekula hivyo miaka yote na hawajafa haijibu swali la watoto na wajawazito, ambao ndio madini haya huwadhuru zaidi.

La pili ni ugonjwa wa kudhoofika wa ayala, uliotambuliwa kwanza Colorado mwaka 1967 na kugunduliwa Wisconsin Februari 2002, karibu na mji wa Mount Horeb. Mnyama hukonda, hutoka udenda, hupoteza woga, hufa. Kinachousababisha ni prioni, protini iliyojikunja vibaya, na hiyo haiuliwi na friza wala kikaango. Hakuna binadamu anayejulikana kuupata. Hata hivyo mamlaka ya afya ya Marekani, CDC, inashauri mnyama wa maeneo yenye ugonjwa apimwe, na akikutwa nao asiliwe. Wisconsin hupima bila malipo kwa tezi za shingoni, na wengi huweka nyama friza bila kuigusa hadi majibu yarudi.

Hapo ndipo soseji ya nyumbani inaposhinda ya kupeleka kwa fundi. Mabucha yanayotengeneza nyama ya wawindaji kwa ujira mara nyingi hukusanya vipande vya ayala wa watu mbalimbali na kusaga kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa mashine kubwa haiendeshwi kwa kilo nne. Mteja hurudi na soseji nzuri ambayo hajui sehemu gani yake aliiwinda yeye. Jirani alipima wa kwake? Alikata nyama ya jeraha? Alimpooza mapema? Mabucha mengine hukubali kusaga ya mtu peke yake akileta kiasi cha kutosha, na inafaa kuuliza kabla ya kukabidhi.

Mlo wenyewe hauna mbwembwe: mayai, viazi vya kukaanga, na mara nyingi mchuzi mweupe. Soseji huvunjwa kikaangoni, ikiiva hunyunyiziwa unga wa ngano mpaka ufyonze mafuta, kisha maziwa humiminwa taratibu huku mchuzi ukikorogwa hadi uwe mzito, ukamwagwa juu ya vimikate laini vilivyotoka tanurini. Aliyebania mafuta wakati wa kusaga huumbuka hapa, kwani unga haupati cha kufyonza na mchuzi hutoka na mabonge.

Zilizobaki hufungwa kwa karatasi au plastiki isiyopitisha hewa na kuandikwa tarehe. Chumvi iliyoshikanisha nyama ndiyo hiyohiyo inayoharakisha mafuta kuchacha hata penye barafu, hivyo soseji iliyotiwa chumvi Novemba hupoteza ladha baada ya miezi miwili au mitatu, wakati vipande vya nyama tupu, visivyosagwa, hukaa vizuri muda mrefu zaidi. Kwa hiyo wenye uzoefu hawamalizi kazi yote msimu wa kuwinda. Husafisha nyama, huigawa kwenye mifuko ya kilo mojamoja na nusu, huweka mafuta ya nguruwe kwenye mfuko wake, na husaga kidogokidogo kadiri wanavyohitaji, mwezi hata mwezi, hadi bega la mwisho liishe.